Njia Yetu ya Baiskeli Huku Nanyamba

Mtu afikaye kwetu Nanyamba kwa mara ya kwanza akitoka Mtwara huupanda uwanda wa Makonde pasipo kujua ya kuwa anapanda, maana upande wa pwani nchi huinuka polepole. Lakini mtu atokaye bonde la mto Ruvuma, upande wa Kitaya, hujua vema, kwa kuwa magoti yake humwambia. Huko ukingo wa uwanda hukatika ghafula, na njia hupita katika makorongo na vichaka. Juu kuna mchanga mwekundu na mikorosho. Chini kuna mashamba ya mpunga, na ng'ambo ya mto ni nchi ya Msumbiji. Shule yetu iko juu, karibu na ukingo huo. Jina la kijiji hatutalitaja, maana katika habari hii wamo watu ambao hawakuomba kuandikwa.

Sisi ni walimu wanne, watatu wanaume na mmoja mwanamke, na sote twapanda baiskeli. Hatusemi hivyo kwa kujisifu. Siku hizi mwalimu aweza kupata pikipiki kwa mkopo, na wenzetu wengi wanazo; sisi tumebaki na baiskeli, wawili kwa kupenda na wawili kwa kukosa.

Mwezi wa Januari 2024 mtoto mmoja wa darasa la tano alikuwa akija shule kwa baiskeli ya baba yake. Kwao ni kijiji cha pili, kilomita saba kwa barabara kuu. Baiskeli yenyewe ilikuwa Phoenix kubwa ya inchi 28, naye akiketi kitini miguu haifiki chini, basi alikuwa akiiendesha kwa kupitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu, mwili umeinama upande, kama watoto wetu wote wajifunzavyo. Lori lililojaa magunia ya korosho likamkuta mahali barabara inapoteremka. Lori halikumgusa. Honi yake na upepo wake vilimtupa nje ya lami, akaanguka penye kokoto, na baiskeli ikamwangukia. Lori halikusimama. Mtoto akavunjika mguu wa kushoto, akachukuliwa Mtwara kutibiwa, na uma wa mbele wa baiskeli ulikunjika kabisa.

Tusieleweke vibaya: sisi hatuinung'unikii lami. Zamani mgonjwa wa huku alikuwa akifika Mtwara amechoka kwa mashimo kuliko kwa ugonjwa. Kilomita 50 za lami kutoka Mtwara hata Mnivata zimebadili maisha ya watu, na mtoto huyu mwenyewe alifika hospitali upesi kwa sababu ya lami ileile. Lakini barabara ya vumbi ilikuwa ikimpunguza mwendo kila mtu, tajiri na maskini, na lami haimpunguzi mtu mwendo. Kando yake haikuachwa nafasi ya mtoto mwenye baiskeli.

Wazazi wakakutana chini ya mwembe wa shule. Mambo yakasemwa mengi, mengine kwa uchungu. Mwisho wakakata shauri kwamba mtoto asionekane tena na baiskeli barabarani, na mzazi atakayemruhusu ataitwa mbele ya kamati. Babu mmoja, ambaye kwa desturi hasemi neno, akasimama akasema, "Walimu, barabara ile ina wenyewe, nao si sisi. Sisi twapita kwa kuombwa radhi." Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza.

Shauri hilo lilikuwa la haki, nasi hatukulipinga. Ila kwa muda wa mwezi mmoja tuliona matunda yake. Watoto kumi na mmoja wa kijiji kile cha pili waliokuwa wakija kwa baiskeli sasa walikuja kwa miguu, wakafika saa mbili na nusu, wamelowa jasho, wakasinzia kabla ya mapumziko. Wanne wakaacha kuja siku za mvua. Na yule aliyevunjika mguu, alipotoka hospitali, hakuja kabisa. Baba yake alituambia, "Mguu huu umeungwa mara moja. Kilomita saba kwenda, saba kurudi, hautazibeba." Tulipomwuliza itakuwaje, akatazama pembeni.

Ndipo yule mwalimu mwenzetu wa kike akasema, "Watu wa kijiji kile walikuwa wakija huku kabla barabara haijakuwako. Walipita wapi?"

Ni swali jepesi, nalo halikuwa limetujia. Uwanda huu umejaa njia za miguu kuliko mishipa ya mkononi. David Livingstone, alipotoka Mikindani mwaka 1866 kwenda kuufuata mto Ruvuma, alikuwa na ngamia, na vichaka vya nchi hii vikamshinda: njia zilimtosha mtu atembeaye, lakini ngamia na mzigo wake hakuweza kupenya, hata ikambidi awaajiri Wamakonde wamkatie njia kwa mashoka. Nasi twaona katika habari hiyo faida ambayo yeye hakuitafuta. Ngamia ni mpana, gari ni pana, mkokoteni pia. Lakini baiskeli gurudumu lake la nyuma hulifuata la mbele, kama watu wafuatanavyo mmoja mmoja njiani. Katika vyombo vyote vyenye magurudumu, ni hiyo tu iliyo na upana wa mtu. Popote nyanya zetu walipopita na mizigo kichwani, baiskeli yaweza kupita, na lori haliwezi.

Basi tukaazimu kutafuta. Jumamosi moja mwezi wa Juni, mvua zilipokwisha na upepo wa kusi ulipoanza, tukaondoka alfajiri, tukashika njia ya mashambani ambayo mwenzetu mmoja aliisifu mno. Tumwache jina. Njia ile ilikuwa pana, nzuri kwa macho, haina gari hata moja, nayo ilitushinda kabla ya saa tatu. Kisa ni mchanga. Asiyeijua nchi yetu huogopa vilima. Mwenyeji huogopa mchanga. Kilimani mtu hushuka akasukuma, akifika juu hulipwa kwa mteremko. Mchangani husukuma kilimani, husukuma tambarare, na penye mteremko pia husukuma. Tulisukuma kilomita nne, jua likituchoma, na mwenzetu aliyeisifu njia akawa wa mwisho, hasemi.

Hata hivyo siku ile haikupotea. Babu mmoja aliyekuwa akipalilia mikorosho yake alitutazama kwa huruma. Tulipomwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, "Marahaba wajukuu. Mbona mwaiadhibu? Toeni upepo." Tulidhani atania. Akaja mwenyewe, akafungua vali ya gurudumu la nyuma, akatoa upepo hata tairi likatepeta kidogo chini ya kidole. Kumbe tairi gumu hukata mchanga kama kisu, na tairi laini hulala juu yake. Akatufundisha pia kutafuta ukingo wa njia, mahali mizizi ya majani inaposhika udongo, na kupita mapema, kabla jua halijakausha umande. Alikuwa akibeba samaki wakavu kutoka Mikindani kwa baiskeli miaka mingi. Tukapanda, tukaenda, si upesi, lakini tukaenda. Sisi ni walimu wa hesabu na sayansi, na katika sisi wanne hapakuwa na hata mmoja aliyelijua jambo hilo.

Njia tuliyoitaka tulionyeshwa na bibi mmoja wa kijiji cha pili, nyanya yake yule mtoto. Tulikwenda kumtazama mgonjwa, tukaketi barazani, tukaletewa ming'oko iliyochemshwa, na katika mazungumzo mwalimu wetu wa kike akamwuliza habari za njia za kale. Bibi akasema, "Zile za kwenda wapi? Sisi tulikuwa na njia moja tu ya maana, njia ya maji."

Wasomaji wa bara nyingine labda hawajui ya kwamba uwanda wa Makonde hauna maji. Mvua hunyesha ya kutosha, lakini mchanga huyanywa yote, nayo hushuka ndani hata yakatokea chini, miguuni pa uwanda, kama chemchemi. Wazee wetu walikaa juu kwa sababu vichaka viliwaficha na adui. Wakawa salama, wakawa na kiu. Mradi wa maji ya Makonde ulioanza miaka ya 1950 uliyapandisha maji kwa mabomba, na vijiji vikayapata kidogo kidogo, kimoja leo, kingine baada ya miaka mingi. Kabla ya hapo mwanamke aliondoka jogoo la kwanza, akashuka bondeni, akajaza mtungi, akapanda nao kichwani, akafika nyumbani jua limekwisha kupanda. Bibi huyu alifanya hivyo tangu usichana wake hata alipozaa mtoto wa tatu.

"Njia ile," akasema, "haipandi kama mbuzi. Mwenye mtungi kichwani akipanda moja kwa moja, maji humwagika, na akianguka hupoteza maji na mtungi. Basi tulizunguka. Kila kilima tulikizunguka."

Tuliposikia hayo tulitazamana. Maana liko jambo moja tulilokuwa tumelisoma. Huko Uingereza, kati ya miji ya Bristol na Bath, palikuwa na reli iliyofungwa, na kati ya 1979 na 1986 watu waliigeuza kuwa njia ya baiskeli na ya waendao kwa miguu, yapata kilomita 21, pasipo gari hata moja. Imefaa baiskeli kwa sababu treni haiwezi mlima mkali. Waliojenga reli walisawazisha nchi kabla. Hata kwetu kusini ilikuwako reli namna hiyo, kutoka bandari ya Mtwara kwenda Nachingwea, iliyojengwa kwa sababu ya ule mpango wa karanga ulioanza 1947. Karanga hazikustawi, na reli ikafungwa 1962, vyuma vikang'olewa. Mara nyingi tumesikitika kwamba tuta lake halipiti kwetu. Na kumbe tulikuwa nayo njia yenye tabia ileile, iliyosawazishwa kwa mitungi, na mtunzaji wa habari zake ameketi mbele yetu akimenya ming'oko.

Jumamosi iliyofuata bibi akatupa mjukuu wake wa kike atuongoze mpaka kichwa cha njia. Tukaikuta imefunikwa na majani, lakini chini ya majani udongo ulikuwa mgumu, umekanyagwa na nyayo za miaka isiyohesabika, na mahali pengine una changarawe nyekundu iliyo nzuri sana kwa tairi. Iliteremka kidogo, ikazunguka bega la kilima, ikapanda kidogo, ikazunguka bega la pili. Mara mbili tu tulishuka kusukuma, penye makorongo. Hatukusikia honi. Tulisikia njiwa, na kengele zetu wenyewe, ambazo tulizipiga pasipo sababu, maana tulikuwa kama watoto. Umbali wake ni kilomita kumi na moja, minne zaidi ya barabara kuu. Tulitumia saa moja na robo, nasi tulikuwa tukikata majani.

Lakini penye kilomita ya nane njia ikaingia katika shamba la mikorosho, ikafa. Mwenye shamba alikuwa amepanda mstari wa miche juu ya njia yenyewe, akazungushia miiba.

Mtu huyu hatutamlaumu. Tulirudi kwake mara tatu. Mara ya kwanza alitufukuza kwa adabu. Mara ya pili tulikwenda na mwenyekiti wa kijiji, tukasema mengi juu ya njia za watu wote na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na katika kusema hivyo tulikosa, maana mtu akitajiwa sheria mlangoni pake hufunga moyo. Akasema, "Kama ni sheria, nendeni mahakamani." Tukarudi tumeinamisha vichwa. Mara ya tatu alikwenda mwalimu wetu wa kike peke yake, akamwuliza anaogopa nini. Hilo sisi wengine hatukuwa tumemwuliza.

Kumbe aliogopa mambo mawili. La kwanza, watoto wataokota korosho zilizoanguka, na korosho ikiokotwa kilo mbili kila siku msimu mzima, hiyo ni karo ya mtoto wake aliyeko sekondari ya bweni. La pili lilikuwa na akili zaidi. Alisema, "Leo mnaniletea baiskeli. Kesho bodaboda wataiona njia, wataifuata. Keshokutwa lori litatafuta njia ya mkato, nalo litapita juu ya miche yangu. Hata ile barabara kuu ilianza kuwa njia ya miguu."

Tulilala na neno hilo siku kadhaa, maana lilikuwa kweli. Dawa yake tuliipata kwa kamba ya kupimia. Tulipima usukani wa baiskeli zetu zote, na wa pikipiki tatu za wenzetu. Usukani wa baiskeli hauzidi shubiri tatu. Wa pikipiki wazidi shubiri tatu na nusu. Basi tukasimika nguzo mbili za mti mgumu penye kuingia shambani na mbili penye kutoka, nafasi kati yake shubiri tatu na vidole viwili, urefu wake hata kifuani pa mtu mzima. Baiskeli hupita. Pikipiki haipiti. Mwanamke mwenye kuni kichwani hupita, kwa kuwa kuni ziko juu ya nguzo. Kijana mmoja wa bodaboda alikuja siku ya pili kujaribu, akapinda kioo chake, akarudi akitutukana. Yule mwenye shamba alicheka mpaka akaketi chini, na tangu hapo amekuwa rafiki wa njia.

Yuko aliyeumia kwa jambo hili, nasi hatutamficha. Wako watu wabebao madumu ya maji au magunia ya mkaa pande mbili za baiskeli, nao hawawezi kupita kati ya nguzo. Mmoja wao alitujia shuleni akasema, "Njia ya maji, na mwenye maji hapiti." Hatukuwa na jibu. Mpaka leo yeye hupita barabara kuu na madumu yake sita.

Miche iliyokuwa juu ya njia ilihamishwa, kumi na minne kwa hesabu, tukaipanda upya kwa mikono yetu pamoja na wanafunzi. Tisa imeshika. Mitano imekufa, na mwenye shamba huihesabu mbele yetu kila akitukuta. Habari ya korosho tulipatana hivi: watoto wasishuke kwenye baiskeli ndani ya shamba, na mabibo yaliyoangukia njiani ni yao, lakini korosho iliyomo hubanduliwa, hutiwa katika ndoo iliyofungwa penye nguzo. Msimu wa kwanza, kuanzia Oktoba, ndoo ilijaa mara mbili. Je, zote zilitiwa? Sisi tuliokuwa watoto twajua kwamba hazikutiwa zote.

Mwezi wa Septemba 2024 watoto saba walianza kuja kwa njia ile, mkubwa mbele na mkubwa nyuma, wadogo kati. Hufika kabla ya kengele. Tumewafundisha mambo machache: kupunguza upepo wakifika penye mchanga wa kichwani pa njia; kuangalia mbigili baada ya mavuno, na kila mwenye baiskeli awe na kiraka na gundi; kushika breki ya nyuma kwanza wakiteremka, maana breki ya mbele ya Phoenix ikishikwa peke yake mteremkoni humrusha mtu juu ya usukani. La mwisho tulilifundisha kwa mfano, pasipo kukusudia, na kovu liko katika paji la uso la mmoja wetu.

Mvua za mwaka 2025 zikalikata korongo la pili. Wiki mbili njia ilikuwa haipitiki. Wazazi walewale waliokata shauri chini ya mwembe walikuja na majembe siku mbili, wakajaza matawi na mawe, wakachimba mfereji wa kuyapeleka maji kando. Hatukuwaita. Mvua kubwa ijayo huenda itaukata tena, maana mchanga wetu hausimami, na kila mwaka patahitajika majembe.

Baba yake yule mtoto hakuja siku za majembe. Mtoto alikuwa amekwisha kurudi shule, akibebwa siku nyingine na bodaboda, siku nyingine akikaa kwa shangazi yake karibu na shule, siku nyingine haonekani. Mguu umepona ila hukaza asubuhi. Hatukumsemesha baba habari ya njia, tukaona hana haja ya kusemeshwa.

Hata Jumapili moja mwezi wa Juni, watu walipokwisha kutoka kanisani, tukamwona akija shuleni kwa miguu, amebeba baiskeli begani. Ilikuwa ileile. Uma wa mbele umenyooshwa na mhunzi, wala haukunyooka sana. Kiti kimeshushwa hata kikagusa bomba. Gurudumu la mbele lilikuwa chuma kitupu, halina tairi. Akaiegemeza ukutani, akatuamkia, akauliza habari za nyumbani kwa kila mmoja wetu, akauliza habari za korongo la pili. Kisha akauliza kama tunalo tairi la inchi 28.

Tukamwambia lipo moja stoo, ila lina viraka vitatu. Akasema tumletee.